Nyota Zilizokunja Goti

Lina jicho moja tu, halina kope wala nyusi. Likikukonyeza linakumeza mzima mzima, wewe na shati lako na kuku aliyepita nyuma yako, na bado unabaki umesimama pale pale unajikuna. Ni nini hilo?

Kijijini kwa akina Scolastika, kule upande wa Segese, hakuna aliyelijua jibu mpaka kaka yake Kalisti alipokuja likizo kutoka mgodini Geita. Alishuka kwenye lori na kisanduku cheusi kimening'inia shingoni kwa kamba ya kiatu. "Kamera," alisema, akakipapasa mgongoni kama mtu anayebembeleza ndama. Alikuwa amepewa na fundi mmoja wa mitambo, Mgiriki, aliyehama na kuona mizigo imemzidi. Haikupita wiki, Kalisti akawa amekwisha kupiga picha kila kinachokubali kusimama: wazee na fimbo zao, baiskeli, ng'ombe dume, wanawali waliojipaka mafuta mpaka jua likawa linateleza usoni mwao. Mbuzi tu ndio waliomshinda. Mbuzi hasimami.

Scolastika alikipenda kile kisanduku, lakini siku zile moyo wake haukuwa na nafasi ya kucheza. Mume wake, Masele, alikuwa amekula kiapo.

Masele alikuwa ningi, ndiye kiongozi wa nyimbo, wa Wagalu, kundi la ngoma la kijiji chao. Kila mwaka, mavuno yakishaingia ghalani, Wagalu hupambana na Wagika wa ng'ambo ya mbuga. Makundi mawili yanasimama katika uwanja mmoja, yanapiga ngoma kwa pamoja, na watazamaji wanakimbilia walikovutiwa. Jua likigusa vichaka, mzee wa uwanja anatazama umati umejaa wapi. Upande uliojaa watu ndio ulioshinda, na rufaa hakuna. Ndiyo maana watu wa ngoma hawaendi uwanjani na ngoma tupu. Huyu atavaa koti la Kizungu na miwani isiyo na vioo, yule atacheza juu ya miti mirefu, almradi miguu ya watu imfuate.

Mwaka juzi Maganga, ningi wa Wagika, alileta mtu anayetafuna makaa ya moto. Mwaka jana alileta fisi wa kuchonga, mwenye taya zinazofunguka kwa kamba, akawa anacheka. Mara zote mbili Masele alibaki akiwaimbia wakwe wa wachezaji wake na mbwa wawili. Vijana wa kundi lake walianza kunong'ona kwamba heri kuvuka mbuga, kwa Maganga kuna raha. Basi siku moja kwenye pombe ya mtama, Maganga akamtania mbele ya watu wazima na wakwe, na Masele akasimama akasema: "Nikishindwa tena mwaka huu, ngoma yangu naitundika darini. Napanda lori, narudi Geita kuchimba."

Watu walicheka. Scolastika hakucheka. Alimjua mume wake: neno likimtoka halirudi, hata kama mwenyewe anatamani lirudi. Masele aliwahi kwenda Geita zamani, akakaa huko mpaka mtoto wao Mageni akajifunza kutembea na kusema. Siku aliporudi, Mageni alimkimbia, akajificha nyuma ya mtungi akilia kwamba kuna mtu mlangoni. Masele alicheka mbele za watu. Usiku alikaa ukingoni mwa kitanda hadi majogoo, na Scolastika akajifanya amelala ili asimwaibishe. Hakutaka kuuona usiku mwingine wa namna ile.

Jioni moja Masele aliingia uani, akakaa kwenye kigoda bila salamu.

"Ana chatu," alisema.

"Nani?" aliuliza Kalisti.

"Maganga. Amempata kwa wacheza nyoka. Mnene kama paja langu. Wanamvisha shanga."

"Anacheza huyo chatu?"

"Chatu hana haja ya kucheza, shemeji. Yeye kazi yake ni kuwa chatu tu."

Giza likaingia, mbingu ikajaa nyota mpaka ukadhani zitamwagika. Mageni alikuwa anasinzia mapajani mwa mama yake, na Scolastika, ili mtoto asilale kabla ya kula, akamtegea kitendawili.

"Kalagu!"

"Kize!" alijibu Mageni, usingizi ukamruka. Nani wa kule anayesikia kalagu akanyamaza?

"Nimeanika mtama wangu usiku. Asubuhi nikaenda kuuanua, sikuona hata punje, na mwizi hakuna."

"Nyota!"

"Huyo! Amenishinda."

Kalisti alicheka, akainua kisanduku chake, akalielekeza jicho juu. "Ngoja niunase huo mtama kabla haujaanuliwa." Kikalia, kwa!

"Kaka," Scolastika alisema polepole, "umewahi kuiona picha ya nyota?"

"Wapi! Hata mgodini sijaiona."

"Kuna mtu yeyote huku amewahi kuiona?"

Masele, aliyekuwa ameinamisha kichwa kama ng'ombe aliyekosa maji, alikiinua. "Rudia."

"Nasema picha ya nyota. Watu watazame mbingu mchana kweupe."

"Maganga ana mdudu wa porini," Masele alisema, na meno yakaonekana kwa mara ya kwanza tangu jana yake. "Mimi nitaleta mbingu."

Asubuhi Kalisti alipanda baiskeli akaenda Kahama, kwa Bwana Ramji, Mhindi mwenye duka la nguo na chumba cha giza cha kusafishia picha nyuma ya duka. Aliporudi alikuwa na bahasha na uso wa mtu aliyechekwa. Akaitoa picha. Ilikuwa nyeusi tii, kona hadi kona.

"Bwana Ramji amenisifu," alisema. "Ameniambia hajawahi kuona picha nzuri namna hii ya ndani ya chungu."

Mageni aliichukua, akaigeuza nyuma kutafuta nyota kama zimeangukia huko.

"Ila amenifundisha," Kalisti aliendelea. "Mchana mwanga ni mwingi, jicho likikonyeza tu limeshiba. Usiku mwanga ni haba, kama mvua ya manyunyu. Lazima uweke chombo nje kikinge polepole. Kuna hiki kibati cha juu, mnakiona? Ukikivuta, jicho linabaki limekodoa mpaka ulifunge mwenyewe. Ameniambia niliache muda wa kuivisha maharage. Lisitikisike. Na moto usiwepo karibu, maana jicho litaulamba moto liziache nyota."

"Basi rahisi," alisema Masele.

"Rahisi, ila Bwana Ramji ameukata mkanda gizani, na kipande kilichobaki kinatosha picha moja. Mikanda mingine Kahama imekwisha, mpaka treni ilete Shinyanga."

"Moja itatosha," alisema Scolastika. Alikisema kile alichotaka kiwe kweli.

Wakangoja usiku usio na mwezi. Nyota zilipochanua tu, Scolastika alifukia makaa ya jikoni kwa majivu, wakala ugali wa mchana uliopoa, na hata moto wa samadi pale zizini, ambako wanaume huota jioni wakipiga soga, ukazimwa. Kinu kikageuzwa kichwa chini katikati ya ua, kamera ikawekwa juu yake, ikategemezwa jiwe chini ya kidevu ili itazame mashariki, zinakochomoza nyota. Kalisti alivuta kibati kwa ncha ya kidole.

"Limekodoa," alinong'ona. "Sasa mtu asikohoe."

"Kwani nyota zinasikia?" aliuliza Mageni.

"Nyota hazisikii. Kinu ndicho kinachosikia."

Kila mtu akapewa kazi. Kalisti alikwenda kusimama njiani, awazuie majirani wenye vibatari. Masele alikaa kando ya kinu, akilinda mbwa na kuku wasije wakakigusa. Scolastika alisimama karibu na ghala na Mageni mgongoni, akitazama juu. Alikitafuta Kilimia, lile kundi la nyota, kwa mazoea, kisha akajicheka: majira yale Kilimia huamka alfajiri na wakamuaji, saa zile kilikuwa kimelala bado. Kimya kilikuwa kizuri. Alikuwa amefika katikati ya sala yake fupi aliposikia mabua ya mtama yakivunjika.

Mtu huyo hakupita njiani. Alikuwa anakatiza shambani, na mkononi ana kijinga cha moto, anakizungusha zungu zungu kisizimike.

"Kalistiii! Wee Kalisti! Matobolwa ya viazi yanapoa huku, au umekuja likizo kukaa kwa dada yako?"

Alikuwa Bernadina, mama yao Scolastika na Kalisti. Kwa hiyo alikuwa mkwe wa Masele. Na kule mwanamume hakutani uso kwa uso na mama wa mkewe. Akimwona njiani anaingia porini. Akimsikia uani anatoka kwa mlango mwingine. Hii si chuki, ni heshima, na heshima ya namna hii haifikirii, inaruka yenyewe kama goti lililogongwa.

Masele aliruka. Mguu ukakigonga kinu. Kinu kikaguna, kikasogea kidogo, kikatulia. Masele akajitupa nyuma ya ghala, akajikunyata.

"Nani huyo anakimbia?" aliuliza Bernadina. "Ni mkwe wangu? Mayu wane, mama yangu, nimemkuta! Basi nimegeuka, nimegeuka, apite salama." Akageuka kweli, akawapa mgongo, akasimama imara mbele ya jicho la kamera, na kijinga chake kikipepea huku na huko.

"Mama, ondoka hapo!" Scolastika alinong'ona.

"Niondokeje na mkwe hajapita? Nitamkanyaga."

"Hapiti, mama. Anangoja wewe ndiye upite."

"Mwambie atangulie. Mimi sina haraka."

Scolastika alikwenda nyuma ya ghala. "Mama anasema utangulie."

"Mwambie atangulie yeye. Ni mkubwa."

Akarudi. "Anasema utangulie, wewe ni mkubwa."

"Ee, ana adabu huyu mtoto," Bernadina alisema kwa furaha, na hakusogea hata unyayo.

Hapo ndipo Kalisti alipofika akitweta, akamshika mama yake begani, akamwongoza kama ng'ombe wa kupelekwa mnadani mpaka upande wa pili wa shamba, kijinga kikizidi kuchora mizunguko gizani. Sauti ya Bernadina ilisikika ikififia: "Na kinu mmekigeuza kwa nini? Mmefiwa?"

Kalisti aliporudi alikuta Masele ameketi chini, ameshika kichwa.

"Nimeiharibu," alisema. "Nimeipiga teke mbingu."

"Niifunge?" Kalisti aliuliza.

Scolastika alitazama kile kisanduku, kinakodoa bado, hakina habari. "Maharage yakishika ukoko chini utayamwaga yangali mabichi? Liache limalize."

Wakaliacha likamaliza.

Siku ya ngoma ilifika na Kalisti bado hajarudi kutoka Kahama. Scolastika aliamka akaosha nguo za Masele za kuchezea, akazianika, akaenda kutazama njia. Akasonga ugali, akaenda kutazama njia. Masele alikuwa anapasha ngoma moto ili ngozi ikaze, na alikuwa mpole kupita kiasi. Scolastika alipomwona akilikung'uta blanketi lake la zamani la mgodini, akalikunja na kuliweka karibu na mlango, alikwenda tena kutazama njia.

Kalisti alitokea jua likiwa juu, mwekundu kwa vumbi hadi kope. Alitoa picha.

Ilikuwa ndogo kama karata ya kuchezea. Weusi ulikuwepo tena, lakini safari hii weusi ule ulikuwa umepigwa mistari myeupe, myembamba kama nywele za mzee, mingi, imesimama wima yote.

"Nyota ziko wapi?" aliuliza Masele.

"Ndizo hizo. Bwana Ramji anasema nyota hazitulii, zinapanda usiku kucha, sisi tu ndio wazito wa kuona. Jicho limefuata njia zao."

"Ni mvua," alisema Mageni.

"Ni mistari," alisema Masele, na bega lake likashuka. "Na tazama nilipogonga. Imevunjika yote."

Scolastika aliichukua, akaipeleka mlangoni penye mwanga. Kweli, kila mstari ulikuwa umepanda vizuri, halafu mahali pamoja ukakunjika, ukaingia kando, kisha ukanyooka tena ukaendelea. Hata mmoja haukusalimika. Na chini kabisa, mbele ya mistari yote, kulikuwa na alama nene nyeupe inayojisokota na kujizungusha, kama mtu anayerusha mikono. Aliitazama mpaka ikamtazama. Halafu akaanza kucheka.

"Baba Mageni, njoo. Hawa wamesimama mstari, sivyo? Hapa wamekunja goti. Wote, kwa pigo moja. Wewe vijana wako umewahi kuwakunjisha goti pamoja namna hii?"

Masele aliinamia picha. "Hawajawahi."

"Na huyu wa mbele anayerusha mikono ndiye ningi wao."

"Huyo ni moto wa mama," alisema Kalisti.

Masele akageuza uso pembeni kidogo. Hata moto wa mkwe una heshima yake. Lakini alikuwa anatabasamu. Kisha tabasamu likamfia. "Ni nzuri, mama Mageni. Ila tazama ukubwa wake. Maganga ana chatu anayeonekana toka ng'ambo ya mbuga. Mimi nina kikaratasi."

Scolastika aliifunga picha katika pindo la khanga yake, wakaenda.

Uwanja ulikuwa umejaa watu wa Segese na wa vijiji vya jirani, wachimbaji waliokuja likizo, wanawake na vibuyu vyao. Maganga alikuwa amefunga kitambaa chekundu kichwani, sauti yake imekwisha kushiba pombe.

"Masele! Mwadila! Naona umekuja na mikono mitupu. Au umemleta shemeji aje atupige picha tukikushinda?"

"Mwadila, Maganga," Masele aliitikia salamu. "Tumbo lako tu litaujaza mkanda wote."

"Lori la Geita limeshatiwa mafuta, nimelisikia likikuuliza!"

Watu wakacheka. Ngoma zikalia. Maganga hakungoja: alifungua kapu, na chatu akatoka akimeremeta na shanga zake. Uwanja mzima ulipiga kelele moja ukakimbilia kwa Wagika. Kwa Masele walibaki bibi mmoja muuza ugoro aliyeitwa Paskazia, kwa sababu miguu yake haikimbii, na watoto wachache waliokatazwa na mama zao.

Masele aliimba. Aliimba vizuri, maskini, jasho likimchuruzika. Scolastika alisimama na pindo lake ngumini, akiutazama ule umati wa ng'ambo, akiomba apate wazo lolote. Na kwa kuwa alitazama sana, akaona kitu. Kila chatu alipoinua kichwa, duara lote liliruka nyuma. Akijisogeza, watu wa mbele walikanyaga wa nyuma. Wa nyuma hawakuona kitu, walibaki kuwauliza wa mbele. Duara lilikuwa pana, na jembamba kama bangili.

Chatu anaita macho, anafukuza miguu, alijisemea. Basi mimi ninacho kinyume chake.

Akaenda kwa mumewe, akamnong'oneza. Masele akamtazama, akazitazama ngoma zake, akainua mkono. Ngoma za Wagalu zikanyamaza.

Ukiwa uwanjani, ngoma ikilia huisikii sana. Ikinyamaza ndipo unageuka. Vichwa vikageuka. Masele akajaza kifua.

"Kalagu!"

"Kizeee!" uwanja wote ukaitika, Wagalu na Wagika na wapita njia. Hata Maganga alisikika, akaushika mdomo wake akiwa amechelewa. Mtu aliyelelewa kule hana ulimi wa kulinyima neno lile jibu lake.

"Wachezaji wangu hawahesabiki! Miguu hawana, ngoma hawaisikii! Ningi wao mmoja amerusha mikono, na wote wamekunja goti mara moja! Ni akina nani?"

Minong'ono ikaanza. "Mtama kwenye upepo!" alipaza mmoja.

"Mtama una mguu, tena mmoja! Siyo!"

"Siafu!"

"Siafu wana miguu kukuzidi wewe!"

"Ng'ombe wanaokunywa maji!" Maganga alishindwa kujizuia, na watu wake wenyewe wakamcheka. "Ng'ombe asiye na miguu umemwona wapi, Maganga? Kwako?"

Wakabahatisha mpaka wakachoka. "Mmeshindwa!" alisema Masele. "Nipeni mji!"

"Twakupa Kahama!"

"Kahama siutaki, wana maneno mengi."

"Twakupa Shinyanga, pamoja na treni yake!"

"Shinyanga nina shangazi, atanilisha mpaka nishindwe kucheza. Siutaki."

"Wataka mji gani basi?"

"Nautaka huo mji mliokanyaga! Uhameni! Jibu liko huku, kwenye mkono wa mama Mageni. Ila ni dogo, haliimbwi wala halitangazwi, linaonwa na mmoja mmoja."

Hakuna aliyesogea. Scolastika akafungua pindo, akamwinamia bibi Paskazia, akaiweka picha kiganjani mwake. "Shikamoo, bibi. Hii ni mbingu ya jana juzi, hapa hapa kwetu. Hizo ni nyota."

Paskazia aliisogeza puani, akaiweka mbali, akaisogeza tena. "Mayu wane," alisema. Halafu kwa sauti iliyofika kote, "Mayu wane, wamekunja goti!"

"Akina nani, bibi?" kijana mmoja alipaza kutoka kwa Wagika.

"Njoo uone. Mimi nimekaa hapa tangu ngoma ianze, nikupe wewe bure?"

Kijana akaja. Akatazama, akapiga mluzi, hakurudi. Alitaka kuona mwenzake atasemaje. Mwenzake akaja. Waliokwisha kuona walibaki kubishana kama ni nyota au ni mvua, na kama nyota zina goti. Wasioona walisukumana. Picha ikapita kutoka kidole hadi kidole, Scolastika akiisimamia kama kuku na kifaranga chake, na Masele akazirudisha ngoma, taratibu kwanza, ili wanaongoja zamu wapate cha kufanya na miguu yao. Wakangoja wakicheza. Vijana wake, walipoona umati, wakajituma kama waliozaliwa upya, na Masele alipoinua mkono wakakunja goti wote kwa pigo moja. Uwanja ukapiga vigelegele.

Maganga aliona bangili yake inakatika. Akakasirika, akambeba chatu begani, akavuka uwanja ili awakumbushe watu ni nani aliyeleta maajabu. Hapo ndipo alipokosea. Wale wachache waliobaki kwake waliona chatu anawajia, wakapiga yowe, wakakimbia. Na pa kukimbilia palikuwa pamoja tu: kwa Masele. Kila hatua aliyopiga Maganga, aliwaswaga watu mbele yake kama ng'ombe kwenda zizini.

"Hongera, Maganga!" Kalisti alipaza, amepanda juu ya gogo. "Umetuchungia vizuri! Usiwasahau wale watatu kule mwisho!"

Jua likagusa vichaka. Mzee wa uwanja hakuhitaji hata kusimama. Alinyoosha fimbo tu.

Watu walimbeba Masele juu juu, naye huko juu alikuwa anamtafuta mtu kwa macho. Alipompata, Scolastika hakupiga kigelegele. Alikaa chini pale pale kwenye vumbi, akacheka huku machozi yanamtoka.

Baadaye, watu walipopungua, Maganga alikuja. Alikuwa amemrudisha chatu kapuni.

"Shemeji Scolastika, nami nipe nione."

Akampa. Maganga aliitazama muda mrefu kuliko wote. Picha ilikuwa imechakaa kwa vidole, kona moja imekunjika, lakini ile mistari ilikuwepo.

"Hii ni mbingu ya wapi?"

"Ya juu ya ghala letu."

"Na kwangu ipo?"

"Ipo. Ila zima moto kwanza."

Maganga akacheka tumbo likitikisika. "Masele una bahati, ndugu yangu. Chatu wangu anakula mbuzi mzima. Mbingu yako haili hata punje."

Likizo ya Kalisti ilipokwisha, lori la Geita lilisimama njia panda kama kawaida yake, likiunguruma na kutoa moshi. Masele alimbebea shemeji yake sanduku mpaka juu, akalifunga kwa kamba, akalikaza. Utingo alimjua tangu zamani.

"Na wewe panda, Masele! Nafasi ipo. Nilisikia unarudi."

Scolastika alikuwa amesimama chini na Mageni. Alijua jibu, lakini mkono wake ulilishika bega la mtoto kwa nguvu mpaka Mageni akalalamika.

"Ulisikia vibaya," alisema Masele. Akaruka chini. "Vijana wangu wananingoja. Na goti bado tunalikunja kwa kuchelewa."

Lori likaondoka. Vumbi liliwafunika wote watatu, na lilipotulia, Mageni alikuwa amekwisha kumpanda baba yake mabegani bila kuombwa, anamshika masikio. Wakarudi nyumbani kwa njia ya mashambani. Masele alikuwa anatunga wimbo mpya, anauimba kwa sauti ya chini, akishindwa kila alipofika mstari wa pili.

"Hapo umekosea," Scolastika alimwambia. "Anza tena."

Akaanza tena.